Kabla ya Kisu: Historia ya Kuzuia Maambukizi katika Upasuaji wa Mifupa

Katika matawi yote ya upasuaji, ni machache yaliyoteswa na vijidudu kama upasuaji wa mifupa. Mfupa hupona polepole, damu yake ni chache ikilinganishwa na ya misuli inayouzunguka, na ukishaingiwa na bakteria huweza kutoa usaha kwa miezi au hata miaka, hali ambayo kitaalamu huitwa osteomailitisi, yaani maambukizi ya mfupa na uboho wake. Kwa sababu hiyo, hatua nyingi zilizobadilisha usafi wa vyumba vya upasuaji zilianzia kwa wagonjwa waliovunjika miguu au waliohitaji nyonga bandia. Historia hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka 150, inaonyesha kwamba ushindi mkubwa ulipatikana kwa yale yaliyotendwa kabla ya bakteria kujipenyeza na kushika mizizi, na kwamba kila mara matabibu walipoitegemea dawa peke yake na kulegeza mengine, usaha ulirudi.

Mvunjiko uliomaanisha kukatwa mguu

Katikati ya karne ya 19, mvunjiko wazi, yaani ule ambao mfupa huvunjika na ngozi ikachanika hadi jeraha likafika kwenye mfupa wenyewe, ulihesabiwa kuwa hatari ya kifo, na tiba iliyozoeleka ilikuwa kukata mguu au mkono mapema iwezekanavyo. Dawa ya usingizi aina ya etha, iliyoonyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, iliondoa maumivu ya kisu lakini haikuondoa usaha, hivyo upasuaji uliongezeka na maambukizi yakaongezeka pamoja nao. Madaktari walipasua wakiwa wamevaa makoti yaliyoganda damu ya wagonjwa waliotangulia, na wengi wao waliamini kwamba vidonda viliozeshwa na hewa mbaya iliyotanda wodini. Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha huko Vienna mwaka 1847 kwamba kunawa mikono kwa maji yenye klorini kulipunguza vifo vya wazazi, ila somo hilo halikupokelewa na wapasuaji wa wakati wake. Mwaka 1869 James Young Simpson wa Edinburgh alichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba, miongoni mwa waliokatwa viungo katika hospitali kubwa, takriban 41 katika kila 100 walikufa, ilhali kwa wale waliokatwa na madaktari wa vijijini waliokufa walikuwa takriban 11 katika kila 100. Hospitali yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa chanzo cha kifo.

Aliyeifungua njia alikuwa Joseph Lister, profesa wa upasuaji mjini Glasgow, ambaye alielekezwa na mwenzake wa kemia, Thomas Anderson, kwenye maandishi ya Louis Pasteur kuhusu viumbe wadogo wanaosababisha uchachukaji na uozo. Lister alikuwa pia amepata habari kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki, kemikali inayotokana na lami ya makaa ya mawe, kuondoa harufu ya majitaka. Akaunganisha mambo hayo mawili: ikiwa kemikali hiyo huzuia uozo wa majitaka, huenda ingeua vijidudu ndani ya jeraha kabla havijaanza kuozesha nyama. Mwezi Agosti 1865 aliletewa James Greenlees, mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni na kuvunjika mguu kwa mvunjiko wazi. Lister alifunika jeraha kwa kitambaa kilicholowekwa katika asidi hiyo, na baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga bila usaha. Mwaka 1867 alichapisha katika jarida la The Lancet taarifa za wagonjwa 11 wa aina hiyo, ambao tisa kati yao walipona wakiwa na viungo vyao. Katika wodi zake, vifo baada ya kukatwa kiungo vilishuka kutoka 16 kati ya wagonjwa 35 hadi 6 kati ya wagonjwa 40.

Mwaka 1877, baada ya kuhamia London, Lister alifanya jambo ambalo wenzake waliliona kuwa la kuhatarisha maisha bila sababu: alifungua goti la mgonjwa ambaye kifupa chake cha goti kilikuwa kimevunjika bila ngozi kuchanika, akakifunga kwa waya wa fedha. Hadi wakati huo mpasuaji aliyegeuza mvunjiko uliofunikwa kuwa mvunjiko wazi kwa hiari yake angeweza kushutumiwa kwa uzembe, lakini goti lile lilipona bila usaha. Upasuaji wa mifupa wa leo, wenye sahani za chuma, skrubu na vyuma vinavyopitishwa ndani ya mifupa mirefu, una asili yake katika ujasiri wa aina hiyo.

Kutoka kuua vijidudu hadi kuvizuia kuingia

Kizazi kilichofuata kiligundua kwamba ni bora kutoviingiza vijidudu katika kidonda kuliko kuviingiza kisha kuviua kwa kemikali ambayo huunguza pia nyama ya mgonjwa. Nchini Ujerumani, katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, Ernst von Bergmann na msaidizi wake Curt Schimmelbusch walieneza utaratibu wa kutakasa vifaa na vitambaa kwa mvuke wa moto. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, William Halsted aliagiza glovu za mpira kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye ngozi ya mikono yake ilikuwa ikiharibiwa na kemikali za kutakasia. Glovu hizo zilibuniwa kumlinda muuguzi, na baadaye tu ndipo ilipobainika kwamba zilimlinda mgonjwa zaidi. Mwaka 1897 Johann Mikulicz wa Breslau alianza kuvaa barakoa ya kitambaa wakati wa kupasua. Mjini London, William Arbuthnot Lane, aliyeunga mifupa kwa sahani za chuma, aliongeza sharti gumu zaidi: hata mkono wenye glovu haukuruhusiwa kugusa jeraha wala chuma kinachobaki mwilini, na kazi yote ilifanywa kwa vifaa vyenye mipini mirefu.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliujaribu utaratibu huo vibaya. Askari walijeruhiwa katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyorutubishwa kwa samadi kwa karne nyingi, na mabomu yalisukuma udongo na vipande vya nguo ndani kabisa ya misuli na mifupa, hivyo gangrini ya gesi, yaani uozo unaosababishwa na bakteria wasiohitaji hewa, ikaua wengi. Alexander Fleming, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kijeshi mjini Boulogne, alionyesha kwamba kemikali zilizomiminwa hazikuvifikia vijidudu vilivyojificha katika mikunjo ya jeraha, na kwamba zilidhuru chembe nyeupe za damu ambazo ndizo kinga ya mwili. Jibu lililopatikana lilikuwa la kisu: kukata na kuondoa nyama yote iliyokufa pamoja na uchafu, kuliacha jeraha wazi, na kulishona siku kadhaa baadaye likiwa safi. Kanuni hiyo, iliyotetewa na wapasuaji kama Antoine Depage wa Ubelgiji, bado ni msingi wa tiba ya mvunjiko wazi popote duniani.

Fleming huyohuyo aliigundua penisilini mwaka 1928, na kundi la Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford likaigeuza kuwa tiba katika miaka ya mwanzo ya 1940. Wapo waliodhani kwamba kazi imekwisha, lakini kabla ya muongo huo kumalizika hospitali za Uingereza zilikuwa tayari na aina za bakteria wa stafilokoka walioizoea dawa hiyo, na mwaka 1961 iliripotiwa aina iliyoishinda hata methisilini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwaua wale walioishinda penisilini.

Chuma mwilini na hewa chumbani

Wakati huohuo, vitu vya kigeni vilivyoachwa mwilini vilileta tatizo jipya. Mwaka 1957 Stephen Elek na Patrick Conen walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu waliojitolea, ambapo ilihitajika mamilioni ya stafilokoka kutengeneza jipu katika ngozi ya kawaida, lakini palipokuwa na uzi wa hariri mamia tu yalitosha. Baadaye ilieleweka kwamba bakteria hujishikiza juu ya kitu kigeni na kujifunika kwa utando wa ute, ambao wataalamu huuita bayofilmu, na ndani ya utando huo dawa na kinga ya mwili huwafikia kwa shida sana. Ndiyo maana chuma kilichoambukizwa mara nyingi hulazimika kutolewa.

Aliyelikabili tatizo hilo kwa ukaidi kuliko wengine alikuwa John Charnley, mbunifu wa nyonga bandia ya kisasa, katika hospitali ya Wrightington huko Lancashire. Alipoona kwamba takriban asilimia 7 ya wagonjwa wake wa mwanzo walipata maambukizi, aliishuku hewa ya chumba cha upasuaji, jambo lililokuwa limepuuzwa na wengi tangu Lister alipoachana na mtindo wake wa kunyunyiza kaboliki hewani. Kwa msaada wa fundi wa mitambo ya kuchuja hewa, Charnley alijenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka kutoka juu bila kukoma, na wapasuaji wakivaa mavazi yanayofyonza pumzi na jasho lao. Kufikia mwaka 1970 maambukizi yalishuka hadi takriban asilimia 0.5, bila kutegemea dawa za kinga, yaani viuavijasumu vya kuzuia maambukizi. Utafiti ulioongozwa na Owen Lidwell kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa nyonga na magoti, uliochapishwa mwaka 1982, uliunga mkono hoja yake, kwa kuwa maambukizi yalikuwa asilimia 1.5 katika vyumba vya kawaida na asilimia 0.6 katika vyumba vya hewa safi kabisa. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipopima ushahidi wa miaka ya karibuni, lilipendekeza mitambo hiyo ya gharama kubwa isitumiwe kama njia ya kuzuia maambukizi, kwa sababu ushahidi huo haukuonyesha faida yake.

Suala la wakati wa kutoa dawa za kinga lilikuwa limejibiwa na John Burke wa Boston mwaka 1961. Katika majaribio yake kwa wanyama, kiuavijasumu kilichotolewa kabla ya bakteria kuingia kilizuia maambukizi, lakini kilichocheleweshwa kwa saa tatu hakikusaidia kitu. Utafiti wa wagonjwa 2,847 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1992 ulithibitisha hilo kwa binadamu: waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kisu walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, ilhali waliopewa baada ya upasuaji walifikia asilimia 3.3. Kwa mvunjiko wazi, ambao jeraha hutangulia hospitali, Michael Patzakis na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1974 kwamba dawa ya jamii ya sefalosporini ilipunguza maambukizi kutoka asilimia 13.9 hadi 2.3.

Afrika Mashariki ilivyochangia

Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha hakiki ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, ambayo wahudumu huisoma kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kuondoka, na mojawapo ya maswali yake ni kama dawa ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu ilikuwamo ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mkoani Morogoro. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, maambukizi ya kidonda cha upasuaji yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4. Kati ya mwaka 2013 na 2015, mpango mwingine uliofanyika katika hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe ulishusha kiwango hicho kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8 kwa hatua ambazo hazikuhitaji mitambo: mgonjwa kuoga kabla ya upasuaji, nywele kutonyolewa kwa wembe unaokwaruza ngozi, ngozi kusafishwa ipasavyo, mikono ya wapasuaji kutakaswa, dawa kutolewa kwa wakati, na nidhamu ndani ya chumba cha upasuaji.

Mambo yaliyopita katika mizani ya historia, basi, ni sabuni, mvuke, mikono iliyotakaswa, jeraha lililosafishwa mapema na dawa iliyotangulia kisu, na yote yamo ndani ya uwezo wa hospitali ya wilaya. Kuendelea kumpa mgonjwa viuavijasumu kwa siku nyingi baada ya upasuaji safi hakuzibi pengo la dawa iliyosahauliwa kabla yake, bali hukuza bakteria sugu, na WHO imeshauri desturi hiyo ikomeshwe. Kwa upande wake, mgonjwa anayesubiri kupasuliwa ana wajibu wa kueleza mapema kama ana kisukari au anavuta sigara, kwa kuwa vyote viwili huchelewesha kupona na kukaribisha maambukizi. Naye anayemhudumia majeruhi wa bodaboda ambaye mfupa wake umetoboa ngozi asipake udongo, majivu wala dawa ya mitishamba, bali afunike jeraha kwa kitambaa safi, aufunge mguu kwa gango usichezecheze, na amfikishe hospitali bila kuchelewa.