Kabla ya Mashine Kuwashwa

Mwishoni mwa Novemba 1951, katika majengo ya Cadby Hall magharibi mwa London, kompyuta yenye vali za kioo zipatazo 6,000 ilikabidhiwa kazi ya kila wiki ya kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kwenye matanuri ya kampuni ya J. Lyons. Nyingi ya kompyuta zilizoitangulia ziliwatumikia wanahisabati, wanajeshi na wanafizikia. Hii, iliyopewa jina la LEO, ilijengwa na wauza chai, na ilijengwa kwa ajili ya kazi za karani. Kwa kawaida kisa chake husimuliwa kama ushindi wa kasi: mashine ilikuja, hesabu zikaenda haraka, watu wakapumua. Usimulizi huo unaacha nje sehemu yenye manufaa zaidi kwa yeyote anayetafuta chombo cha kumpunguzia mzigo wa kazi za kila siku. Kilichowapumzisha watu wa Lyons kilianza miaka 20 kabla ya LEO kuwashwa, pale kampuni ilipoanza kuuliza ni karatasi zipi hazikuhitaji kuandikwa kabisa. Kasi ya mashine ilikuja kukamilisha kazi ambayo swali hilo lilikuwa limeshaianza.

Lyons ilifungua mgahawa wake wa kwanza wa chai Piccadilly mwaka 1894, na kufikia kipindi cha kati ya vita vikuu viwili ilikuwa na zaidi ya 200. Biashara yake ilikuwa ya vitu vya bei ndogo: kikombe cha chai, andazi, kipande cha keki, kila kimoja kikiacha faida ya sehemu ya peni. Kila kikombe kilizaa bili, bili ilidai kukaguliwa, na nyuma ya bili kulikuwa na oda ya unga, orodha ya mishahara na hesabu ya gari la kusambaza bidhaa. Faida ikiwa sehemu ya peni, gharama ya kuandika habari za kikombe inaweza kuimeza faida ya kikombe chenyewe. Kwa wingi wa karatasi hizo kampuni ilikuwa na kumbi zilizojaa makarani, wengi wao wasichana, waliojumlisha tarakimu kutwa. Uchovu wa kazi hiyo hauonekani kwa jasho. Unakaa machoni, shingoni, na katika hofu kwamba peni moja isiyopatana itamrudisha mtu mwanzo wa leja.

Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri John Simmons, mhitimu wa hisabati wa Cambridge. Alipopanda vyeo alisimamia ofisi kwa mtazamo wa mtu aliyeona kwamba akili za watu wengi zilikuwa zikitumika kwa mambo yasiyostahili akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lyons ilikuwa na kitengo cha utafiti wa mifumo, ambacho kazi yake ilikuwa kufuatilia njia ya karatasi kutoka mkono hadi mkono. Nani anaisoma tarakimu hii? Akishaisoma, anaamua nini ambacho asingekiamua bila hiyo? Palipokosekana jibu, palikuwa na sababu ya kuifuta karatasi au kuibadili. Mtu asiyewahi kufanya kazi za ofisi anaweza kuliona swali hili dogo mno. Karani anajua kwamba halimfikii mara nyingi, kwa kuwa aliyeianzisha fomu alishahama, na aliyebaki anaogopa kuwa yeye ndiye wa kuiondoa.

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma Oliver Standingford na Raymond Thompson Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Katika ofisi zenyewe hawakukuta mengi ya kuwashangaza. Kilichowashtua kilikuwa habari za mashine za kielektroniki za kukokotoa, na huko Princeton Herman Goldstine aliwaelekeza warudi kwao, kwa Maurice Wilkes wa Cambridge, aliyekuwa akijenga mashine ya namna hiyo. Lyons ilitoa pauni 3,000 kuusaidia mradi huo, na kompyuta ya Wilkes, EDSAC, ilipofanya kazi Mei 1949, kampuni ikaanza kujenga ya kwake chini ya mhandisi John Pinkerton. Inafaa kujiuliza kwa nini wauza keki walikiona walichokiona, ilhali mabenki na kampuni nyingi za bima zenye makarani wengi kama wao hazikukiona mapema. Jibu langu ni kwamba walikuwa wanaifahamu kazi yao kwa undani. Walikuwa wamezifuata karatasi zao miaka mingi, kwa hiyo waliposikia habari za mashine inayotii maelekezo, maelekezo yenyewe walikuwa nayo karibu tayari.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni kazi ya oda za migahawa, iliyoingizwa kwenye LEO mwaka 1954 chini ya timu ya David Caminer. Chini ya utaratibu huo, kila mgahawa ulikuwa na oda ya kudumu kwa kila siku ya wiki. Alasiri, kwa saa iliyopangwa, karani wa Cadby Hall alimpigia simu meneja wa mgahawa na kumuuliza mabadiliko tu: keki za ziada kwa sababu ya sherehe mtaani, mikate michache kwa sababu ya mvua. Karani aliyatoboa mabadiliko hayo kwenye kadi palepale huku simu ikiwa sikioni, kisha mashine ikayaunganisha na oda za kudumu na kuchapa orodha za kupakia magari. Ukiupima unafuu wa meneja, utaona kwamba sehemu kubwa ilitokana na maamuzi mawili yasiyohitaji hata vali moja. La kwanza, hakutakiwa kurudia yale ambayo kampuni ilikuwa inayajua tayari. La pili, aliijua saa ya kuulizwa, na simu ikikatwa, habari za oda zilikuwa zimekwisha mpaka kesho yake. Hili la pili nalithamini kuliko la kwanza, kwa sababu msongo wa kazi hauji kwa wingi wa kazi peke yake. Huja pia kwa kutojua ni lini mtu atadaiwa tena.

Kuna hoja dhidi ya maelezo haya ambayo si ya kubeza. Hesabu ya mshahara wa mfanyakazi mmoja ilimchukua karani mzoefu kama dakika 8. LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Utafiti gani wa karatasi ungeweza kuleta tofauti hiyo? Hakuna, nakubali, na kwa orodha ya mishahara mashine ndiyo iliyofanya jambo kubwa. Hata hivyo mshahara ni kazi yenye mwisho: idadi ya wafanyakazi ni ileile, na kila mmoja hulipwa mara moja kwa wiki. Kasi ikiongezeka katika kazi ya namna hiyo, muda unaobaki unabaki kweli. Katika kazi isiyo na mpaka mambo ni tofauti. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu iliyomwezesha mhasibu kubadili tarakimu moja na kuona jedwali zima likijikokotoa upya. Makadirio yaliyokuwa yakimgharimu siku nzima akayapata kwa dakika. Lakini bajeti iliyokuwa ikitengenezwa kwa sura moja sasa ingeweza kutakiwa kwa sura 5 au 10, na hakukuwa na kanuni yoyote ya kumzuia bosi kuzitaka. Muda uliookolewa na chombo ni wa yule mwenye mamlaka ya kuugawa, na mara nyingi huyo si aliyeuokoa.

Hoja nyingine inauma zaidi: karani aliyepunguziwa mzigo mpaka akaondolewa kazini amepata nafuu gani? Lyons haikulazimika kulijibu swali hili waziwazi. Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa makarani, na wasichana wengi waliacha kazi walipoolewa, hivyo idadi ingeweza kupungua bila mtu kufukuzwa. Mazingira hayo hayakuwa matunda ya busara ya kampuni, na desturi ya kumtarajia mwanamke aache kazi kwa sababu ya ndoa haikuwa ya haki. Anayeitaja LEO kama mfano wa kuigwa lazima akumbuke hilo. Ila hoja hii inamhukumu mwenye maamuzi kuliko inavyoihukumu mashine.

Ukoo wa LEO una tawi linalotuhusu. Kampuni ya kompyuta za LEO iliunganishwa na kampuni ya English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 ukoo huo ukaungana na kampuni ya ICT kuunda ICL. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, iliyowekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, ilikuwa ya chapa ya ICT. Matumaini yalikuwa yaleyale ya Cadby Hall: hesabu za serikali ziende haraka, makarani watue mzigo wa leja. Mfumo wa hesabu haukufanya kazi kama ulivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi wameisoma amri hiyo kama woga wa maendeleo. Mimi naiona kama jibu la watu walioumizwa kweli na wakakosea mahali pa kuweka lawama. Kompyuta hiyo ilipowekwa, taifa lilikuwa na umri wa miaka michache, wataalamu wake wa kuchambua mifumo walihesabika, na utaratibu wa fedha ulirithiwa kutoka kwa wakoloni ukiwa umeundwa kwa matakwa yao. Kuuweka utaratibu huo ndani ya mashine kabla ya kuuhoji kulikuwa kuyapa matatizo ya zamani mwendo mpya. Lyons walipata miaka 20 ya kuhoji. Hazina haikupewa hata mitano.

Marufuku nayo haikumpumzisha karani, kwa maana leja zilibaki na swali la ni zipi zinazohitajika halikuulizwa. Baadaye amri ililegezwa, kompyuta zikaingia, kisha simu za mkononi zenye programu za kupangia kazi na makundi ya WhatsApp ya ofisi, ambamo mkuu wa idara anaweza kuomba taarifa saa 4 usiku na kulirudia ombi lilelile asubuhi. Ofisi inayotaka kujua kama chombo chake kipya kitapunguza msongo inaweza kuanza na yale mawili ya mwaka 1954, bila kununua chochote: watumishi waulizwe mabadiliko tu, na waulizwe kwa saa inayojulikana.