Kisanduku Kilicho Nyuma ya Kompyuta

Juma hili nakupeleka Kilimatinde, wilayani Manyoni, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Enzi za Wajerumani palikuwa na boma la jeshi, na misafara ilipita hapo. Kisha Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ikapitia Saranda na Manyoni. Kilimatinde ikaachwa pembeni.

Naileta habari hii kwa sababu kompyuta nayo ilitupita pembeni. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Zilipoanza kumiminika miaka ya 1990, wengi wetu tulijifunza kuziwasha kabla ya kujua zinavyokula umeme.

Nyuma ya kompyuta ya mezani kuna kisanduku chenye feni. Hupokea umeme wa TANESCO, volti 230 za mkondo geu, na kuufanya mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Zamani kazi hiyo ilitaka transfoma nzito yenye kutoa joto jingi. Mwaka 1977 Apple II ikatoka na kisanduku chepesi alichobuni Rod Holt, kinachokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Njia hiyo ndiyo itumikayo hadi leo. Kisanduku cha IBM ya mwaka 1981 kilikuwa cha wati 63.5 tu.

Siku hizi utaona kimeandikwa 300 au 500. Usitishike. Hicho ni kiwango cha juu kinachoweza kutoa. Mita husoma kinachotumika kweli, pamoja na kinachopotea kama joto. Tuseme kompyuta na kioo chake hula wati 100. Kwa saa 8 ni uniti 0.8, zikiwa 10 darasani, ni uniti 8 kwa siku. Mwalimu mkuu aliyepiga hesabu hii haishiwi LUKU katikati ya mtihani.

Iko hatari nyingine. Visanduku vingi vya zamani vina swichi ndogo ya 115 na 230. Kompyuta ya msaada kutoka Marekani ikija imewekwa 115, ukiichomeka ukutani ni mlio na moshi, basi. Safari yote ya baharini imekwenda bure.

Reli haikuwauliza watu wa Kilimatinde ipite wapi. Kompyuta inapogonga mlango wa shule au zahanati yako, wewe unayo nafasi ya kuuliza. Igeuze nyuma, usome kibandiko, ndipo utie saini.