Kapi za Portsmouth na sifuri ya CNC

Wanaounda mashine ndogo za CNC nyumbani huuliza: mbona kipande cha kwanza kinatoka sawa, lakini cha pili, kwa programu ile ile, kinatoka kando kwa milimita nzima? Lawama huangukia programu au mota. Historia inatuelekeza kwingine.

Tuanzie hapa Machakos. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mutisya Munge alirudi Wamunyu kutoka Tanganyika akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago, na ukaenea Ukambani. Mchongaji hushika gogo kwa mkono mmoja na tezo kwa mwingine. Hata aligeuze mara mia, hapotei, maana jicho lake linapima upya kila pigo. Mashine haina jicho hilo.

Tatizo hili lilitatuliwa kwa mbao vilevile, huko Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Jeshi la wanamaji lilihitaji kapi zipatazo 100,000 kila mwaka za kupitishia kamba za matanga. Marc Brunel alibuni mashine na Henry Maudslay akaziunda. Mwaka 1808 kiwanda kilitoa kapi 130,000. Kila kapi ilipita mashine kadhaa, sasa zililinganaje? Kwenye mashine ya kutoboa, kibanio kiliacha vishimo katika mbao. Mashine zilizofuata ziliibana mbao kwa vishimo hivyo hivyo. Yaani kipande kilitembea na sifuri yake.

Miaka ya 1820, John H. Hall, aliyetengeneza bunduki Harpers Ferry, Marekani, alisisitiza jambo hilo hilo: vipimo vyote vianzie mahali pamoja. Ukihamisha mwanzo wa kipimo kila hatua, makosa madogo yanajumlishana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mota ghali, funga pini tatu mezani: mbili upande mrefu wa ubao, moja upande mfupi. Pangusa vumbi, sukuma ubao mpaka uguse zote tatu, ndipo ubane. Ukiugeuza, tumia kingo zile zile, au toboa matundu mawili ya pini yatakayotumika pande zote mbili. Tena weka swichi mwisho wa kila reli. Mota nyingi za bei nafuu hazikumbuki zilipokuwa umeme ukipotea, na huku kwetu umeme hupotea bila hodi. Zikirudi kugusa swichi, kazi inaweza kuendelea pale ilipoachwa bila kutupa ubao.