Picha za droni zinavyopima mwinuko wa ardhi

Msikilizaji, nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine. Kidole kitaonekana kuhama. Mti wa mbali hautahama sana. Droni hutumia kanuni hiyohiyo: hupiga picha zinazopishana kutoka sehemu tofauti angani, kisha kompyuta hupima kuhama huko na kupata mwinuko wa ardhi.

Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulitumia picha za droni kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Kilosa tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Msowero nako, tofauti ya mita moja inaweza kuamua nyumba ipi iingiwe na maji.

Tahadhari: penye mahindi marefu, kamera hupima majani, si udongo. Heri kupiga baada ya mavuno.