Picha, Neno na Shamba: Kitabu cha Mtoto katika Historia ya Thika na Ruiru

Historia ya elimu nchini Kenya imeandikwa mara nyingi kwa kufuata tume za serikali na taarifa zake. Ni nadra kuulizwa swali dogo zaidi: mtoto anayefunguliwa kitabu cha picha kwa mara ya kwanza huvukaje kutoka ukurasani hadi katika ulimwengu unaomzunguka? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa Thika na Ruiru. Hoja yake ni kwamba daraja la kuvukia si picha yenyewe, bali ni lugha ya mtu mzima aketiye kando ya mtoto.

Kufundisha kwa picha si jambo geni. Mwaka 1658 Comenius alichapisha mjini Nuremberg kitabu chake Orbis Sensualium Pictus, ambamo picha ziliambatana na maelezo ya Kilatini na ya Kijerumani. Tangu mwanzo, basi, picha haikuachwa ijisemee. Iliwekewa lugha ya nyumbani ubavuni.

Mtoto wa Thika au Ruiru hakuzaliwa katika ulimwengu finyu. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba ya mkonge, kahawa na baadaye mananasi yaliwavuta vibarua kutoka pande mbalimbali, na Kikuyu, Kikamba, Kiswahili na lugha nyinginezo zikakutana kambini. Kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Ruiru mwaka 1944, na katika miaka ya 1980 kikatoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Zao alilochuma mama lilikwenda kunywewa Ulaya. Ulimwengu mpana ulikuwa mlangoni. Kilichokosekana ni maneno ya kuuelezea.

Mwaka 1957 Kituo Maalumu kilianzishwa Nairobi, na kutoka hapo ukazuka mtindo mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mtindo huo ulienea katika miaka ya mwanzo ya 1960, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono matumizi ya Kiingereza. Haki itendeke: mtindo huo ulileta picha nyingi na shughuli za watoto, ukapunguza kuimba masomo kwa pamoja bila kuelewa. Lakini neno lililofungamanishwa na picha halikuweza kurudi nyumbani. Mtoto aliyelijua darasani hakuwa na wa kumsimulia jioni.

Wachapishaji wa Afrika Mashariki walijaribu kuziba pengo. East African Publishing House ilianzishwa mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikatoa hadithi za watoto za Pamela Kola. Mazingira ya kitabu yakawa ya kwetu, ingawa lugha ilibaki ya kigeni. Taarifa ya Gachathi ya mwaka 1976 ndiyo iliyopendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza. Katika vijiji vingi vya Kiambu lugha hiyo ilikuwa Kikuyu. Katika mitaa ya mji wa Thika, ambako makabila yamechanganyika, Kiswahili ndicho kilichokuwa na dai kubwa zaidi.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilitia suala hili katika hadithi ya watoto mwaka 1982, katika Njamba Nene na Mbaathi i Mathagu. Basi la wanafunzi linaruka na kuwaacha msituni. Anayewaongoza ni mtoto maskini aliyedharauliwa shuleni, kwa kuwa aliijua nchi yake kupitia mafunzo ya mama.

Uchukuliwe mfano wa picha ya kahawa. Katika usemi wa kila siku wa bara neno kahawa hutumika kwa mambo yote matatu, lakini Kiswahili kina hazina pana zaidi: mti ni mbuni, tunda lake ni buni, na kinywaji ni kahawa. Mwalimu anayempa mtoto maneno hayo matatu amempa safari nzima, kutoka shambani Ruiru hadi kikombeni ng'ambo. Picha moja haiwezi kuonyesha safari hiyo, maneno yaweza.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Thika kwenyewe. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha huko shule ya watoto wasioona. Kwa mtoto asiyeona, mwalimu hana budi kuigeuza picha iwe neno na kitu cha kushikwa mkononi: jani, tunda, udongo. Kazi hiyo huonekana kuwa ya watoto wachache tu, kumbe ndiyo deni la kila mwalimu kwa kila mtoto. Mwenye macho naye huweza kuitazama picha asione kitu.

Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, kitabu kikishafika mkononi, kazi iliyobaki ni ya mazungumzo, na mazungumzo huhitaji lugha ambayo mtoto na mzazi wake wanaishiriki.