Kompyuta ya Kwanza Nyumbani na Barua za Babu

Vijana wetu hudhani kompyuta ni kitu cha juzi. Hazina ya Dar es Salaam ilipata yake ya kwanza mwaka 1965. Hesabu za serikali zikavurugika, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Ng'ambo ya maji, Unguja walikwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa Tanga tukabaki na redio zetu. Bara ilipata stesheni zake mwaka 1994.

Mwaka uliofuata ndugu yetu alirejea kutoka Maskati, na katika mizigo yake mlikuwa na Sakhr. Hiyo ni kazi ya Muhammad al-Sharekh wa Kuwait, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1982 akaiwezesha mashine kuandika Kiarabu kutoka kulia, kila herufi ikijibadili umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Ajuaye khati ataelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Lakini haikuwa na kioo chake, ilitaka televisheni. Na nyumba nzima ina televisheni moja! Ugomvi kila siku baada ya Isha. Maandiko yalihifadhiwa katika kanda, zile zile za kasida, na umeme ukikatika kabla hujarekodi, kazi imekwenda.

Mimi haja yangu ilikuwa moja. Marehemu babu aliacha sanduku la barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi alizoandikia Hemed bin Abdallah al-Buhriy utenzi wake wa vita vya Wadachi. Wajukuu hawawezi kuzisoma, na mchwa hawangoji. Nikaanza kuzinakili. Nilipofika penye neno "pepo", p hakuna. Wala ch, wala v. Wazee wetu waliongeza nukta tatu wakaendelea na maneno yao. Mashine yetu haikuzijua nukta hizo. Ama niandike "bebo", ama niache. Nikaacha, maana barua ya marehemu ni amana, haibadilishwi.

Herufi hizo zimo katika Unicode, utaratibu wa herufi za mashine uliotolewa mwaka 1991, na leo zinaandikika hata katika simu ya mkononi. Mjukuu mmoja wa kike amejifunza kuzisoma. Huja Alhamisi baada ya Alasiri, hufungua sanduku, hunakili. Amefika barua ya nne.