Nzohe wa Nani?

Mwaka jana nilijiunga na kozi fupi ya kujifunza wanyama na mimea ya kwetu, iliyofanyika kijijini huku Kyerwa. Tulikuwa mchanganyiko: wakulima wa kahawa, vijana wa bodaboda, akina mama wasuka mikeka, na mzee mmoja ambaye kila mtu anajua kuwa zamani alikuwa mwindaji, ingawa yeye mwenyewe hakulitaja neno hilo hata mara moja.

Siku ya tatu mwalimu aliandika ubaoni jina la kitaalamu la nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo: Tragelaphus spekii. Mzee akauliza hilo la mwisho ni la nani. Akajibiwa ni la Speke, Mwingereza aliyemgundua. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kwani alikuwa amepotea?"

Tulicheka wote, lakini swali lilinikaa. Nikaanza kusoma.

John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Karagwe Novemba 1861, enzi ya Omukama Rumanyika, mwenye makao yake Bweranyange. (Kyerwa tumekuwa wilaya juzi tu, 2012, zamani hizo yote ilikuwa Karagwe.) Speke mwenyewe ameandika kwamba Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Nasi tunavyodhani Kiswahili kililetwa huku na shule ya msingi! Speke ndiye aliyehitaji mkalimani: alizungumza Kihindi na Sidi Mubarak Bombay, na Bombay akayapeleka maneno kwa Kiswahili. Basi elimu ya wanyama wa Karagwe ilifika Ulaya kwa kupitia vinywa vingi namna hiyo.

Na nzohe je? Huyu si mnyama wa kukutana naye njiani. Anaishi ndani ya mafunjo, kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo hupita juu ya majani yanayoelea pale ambapo wewe ungezama hadi kiunoni. Akishtuka huingia majini akabakiza pua tu nje. Mgeni mwenye bunduki angemwona wapi? Waliomletea Speke ni wanakijiji wa kando ya ziwa, waliomzingira kwa mitumbwi. Kitabu cha Speke kilitoka 1863, nzohe akiwa amechorwa ndani yake. Wenye mitumbwi hawakuandikwa hata jina moja.

Grant naye alishikwa na ugonjwa wa mguu. Speke akatangulia Buganda Januari 1862, Grant akabaki kwa Rumanyika mpaka Aprili. Mimea aliyokusanya katika safari ile ilichapishwa London miaka kumi hivi baadaye. Najiuliza ile ya Karagwe ni nani aliyempandia milima, maana mwenyewe alikuwa kitandani. Mimi naona kozi ya kwanza ya viumbe huku kwetu ilikuwa ile, na wanafunzi walikuwa wale wazungu wawili.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya hapa yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe. Sipingi, bila ulinzi huenda nzohe tungemaliza sisi wenyewe. Lakini wanaomjua kwa undani ni wale waliomfukuza, na leo kujua sana ni kama kukiri kosa.

Siku ya mwisho ya matembezi tulipita ukingo wa mafunjo. Mzee akasimama, akainama penye matope. "Huyu kapita alfajiri. Jike, tena ana mtoto." Sisi tuliona mashimo tu. Mwalimu akafurahi, akamwuliza amejuaje. Mzee akamtazama askari wa hifadhi aliyetusindikiza, akasema, "Baba ndiye aliyekuwa akisimulia."

Fomu tulizopewa zilikuwa na nafasi ya mnyama, tarehe na mahali. Pembeni nikaongeza kwa kalamu ya risasi: "Ameonyeshwa na," nikaandika jina la mzee. Jioni, kabla hatujakusanya fomu, akaniita kando akaniomba nilifute. Alisema ana wajukuu wanaomtegemea.

Nikafuta.